Siku Soko Zima la Mwanga Liliponisikiliza

Jamani, jambo hili nimelificha kadiri nilivyoweza, lakini kwa kuwa Mwanga nzima wanalijua, na Ujiji nusu, na juzi nimelisikia likisimuliwa kwenye boti la Kagunga na mtu asiyejua kwamba mhusika mwenyewe nimekaa nyuma yake nimekumbatia begi, nimeona bora nilisimulie kwa mdomo wangu, angalau lisimuliwe sawasawa. Nakiri mapema kwamba niliaibika. Ipo aibu ya kuteleza ukaanguka, watu wakacheka, ukajipangusa, ukaenda zako. Yangu ilikuwa ya kuvuliwa nguo katikati ya soko, na aliyenivua nilikuwa mimi mwenyewe, tena kwa sauti safi isiyokwaruza hata kidogo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Nimezaliwa Ujiji, nimepanga chumba Buzebazeba, sijaoa, na hayo ndiyo watu wanayoyajua. Wasichokijua (mpaka siku hiyo) ni kwamba kwa miaka minne nimekuwa nikisomea shahada ya uzamivu nikiwa hapa hapa, chuo kiko mbali, na ninachosomea ni mwanzo wa ulimwengu. Mnaona mlivyonyamaza? Ndivyo wanavyonyamaza wote. Ukisema unasomea kilimo utaulizwa habari za michikichi, ukisema sheria atajitokeza mtu mwenye kesi ya kiwanja, lakini ukisema mwanzo wa ulimwengu mtu anakutazama, anatazama chini, halafu anakuuliza kama mvua ilinyesha na upande wenu.

Niwaeleze kidogo, msinikimbie. Hesabu zilizozoeleka zinasema ulimwengu unatanuka, na ukiurudisha nyuma, nyuma, nyuma kabisa, unafika mahali ambapo kila kitu kimebanwa kwenye nukta moja isiyo na upana wala urefu, na hapo hesabu zenyewe zinakufa, hazisemi tena kitu. Sasa wapo watu wachache waliouliza swali: je, kama kile kilichoujaza ulimwengu hakikuwa chepesi kama hewa, kama kilikuwa kizito, chenye mnato, kinachojivuta na kukataa kutanuliwa? Ukiutia mnato wa namna hiyo kwenye milinganyo, na ukautia kwa kipimo chake, ile nukta inatoweka. Unarudi nyuma, unarudi, na hufiki. Unakuta hali moja tulivu, nzito, inayoendelea tu bila kuanza. Kazi yangu ndiyo hiyo. Niliipenda siku ya kwanza nilipoisoma, na sijui kama niliipendea hesabu zake au kwa sababu na mimi ni mtu wa kujivuta.

Ubaya wake ni upweke. Msimamizi wangu ni mtu mwema, lakini barua pepe zake huja mara moja kwa mwezi na huwa na sentensi mbili, na mojawapo ni salamu. Walimu wenzangu waliniita "Profesa" wiki ya kwanza kwa heshima, na kuanzia ya pili kwa kejeli. Jioni nilikuwa nashuka Kibirizi, kwenye forodha ya ziwani, kutazama maboti yakipakia, nafanya hesabu huku midomo inacheza, mpaka siku moja mama mmoja anayeanika dagaa akamvuta mwenzake kanga akamwambia, "Mpishe huyo, hayuko sawa." Nikajifanya sikusikia. Nilikuwa hodari sana wa kujifanya sikusikia.

Na mama yangu yupo. Mama ni mzaliwa wa Kagunga, akaolewa Ujiji, baba alishafariki, na anauza mawese soko la Mwanga, meza ya tatu kutoka kona ya mafundi cherehani. Kila jioni nakula kwake. Ugali wa muhogo, sombe (wengine huiita kisamvu), na samaki, migebuka, ikipatikana. Tunazungumza nani kafiwa, nani kahama, paa la jirani limeezuliwa na upepo. Nikishiba nanawa, namwambia "Ahsante mama," naondoka. Miaka minne hakuniuliza hata siku moja ninaandika nini kwenye yale madaftari, na mimi sikumwambia, kwa sababu (hili linaniuma mpaka leo kulisema) niliamua mwenyewe, bila kumpa hata nafasi, kwamba hataelewa.

Basi ikaja barua kutoka chuoni. Nilikuwa sijatuma taarifa ya maendeleo kwa miezi saba, kwa hiyo limeitishwa jopo, nijieleze kwa mtandao dakika ishirini, niulizwe maswali, na wasiporidhika jina langu lifutwe kwenye orodha ya wanafunzi. Miaka minne ifutwe kama ubao! Mwenyekiti wa jopo, Profesa mmoja mwanamke mwenye sauti kavu, akaongeza mstari wake mwenyewe chini: tutazungumza Kiswahili, maana asiyeweza kuieleza kazi yake kwa lugha anayonunulia samaki bado hajaielewa.

Siku yenyewe ikafika, na umeme wa Buzebazeba, ambao wiki nzima ulikuwa na adabu, ukakatika saa mbili asubuhi. Shule zimefungwa. Nikachukua laptopu mbio mpaka Mwanga kwa Fundi Shabani, rafiki yangu tangu madrasa, fundi wa redio na spika, mwenye sola na betri kubwa mbili.

Hapa lazima niwaeleze chumba cha nyuma cha Shabani, maana ndicho kilichoniua. Ni chumba kidogo alichokizungushia magodoro ukutani ili kelele zisiingie, ndani kuna maiki na amplifaya, na waya unapanda mpaka kwenye spika ya honi iliyofungwa juu ya mlingoti, inayotazama soko lote. Mtoto akipotea anatangazwa hapo. Msiba unatangazwa hapo. Na kuanzia saa nne asubuhi ni zamu ya wauza dawa: mtu anajifungia mle kwenye magodoro, anaisifu dawa yake nusu saa nzima bila kutaja jina lake wala bei, na wenye maradhi yao wanasogea mlangoni mmoja mmoja wakisubiri amalize, ndipo mlango unafunguliwa na biashara inaanza. Watu wamezoea. Mwenye magoti yake yanayomuuma anajua kabisa kwamba saa nne ni saa ya kutega sikio. Siku hiyo muuza dawa hakutokea, na mimi jopo langu lilikuwa saa nne.

"Maiki ya laptopu yako imekufa," Shabani akasema baada ya kuijaribu. "Tumia yangu. Sauti itapita kwenye amplifaya, itaingia kwako, na wao utawasikia kwenye hizi hedifoni. Ila hiyo swichi ya honi..." Hapo simu yake ikalia, kuna mtu bandarini ana kifaa alichokuwa anakitafuta siku nyingi na meli inakaribia kuondoka. Akavaa ndala huku anaongea. "Swichi ya honi unaijua, eti?"

"Naijua."

"Maana ile niliibadilisha..."

"Bwana wewe, mimi ni mwalimu wa fizikia. Nenda."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nisingepungukiwa kitu kwa kuuliza. Lakini nilikuwa na suti (ndiyo, suti, Mwanga, saa nne asubuhi), nilikuwa na jopo, na niliona mtu anayekwenda kueleza mwanzo wa ulimwengu hawezi kuanza kwa kuuliza swichi. Nikaikuta imelala chini. Swichi za ukutani kwetu ukizibonyeza chini zinawaka, juu zinazima, kila mtu anajua, kwa hiyo nikaipandisha juu kwa kidole kimoja, kwa madaha, nikavaa hedifoni, nikafunga mlango. Shabani alikuwa ameifunga kichwa chini. Ningeiacha kama nilivyoikuta tu, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Jopo likaanza. Nyuso tatu kwenye kioo: msimamizi wangu, mzee mmoja asiyesema, na Profesa. Nikaanza kwa kusitasita, halafu sijui nini kilinipata, nikawaka. Miaka minne sijasikilizwa! Nikaeleza kutanuka, nikaeleza ile nukta hesabu zinapofia, na nilipofika kwenye mnato nikasema, chukueni mawese. Nikasema mafuta haya hayana haraka, yanajivuta, yanashika. Nikasema (nanukuu, maana nimekumbushwa maneno haya mara nyingi kuliko jina langu), "Siri yote iko kwenye mnato wa mafuta haya. Mnato ndio unaozuia kila kitu kubanwa mpaka kikavunjika. Bila huo unarudi mpaka sifuri na hakuna msaada. Ukiwa nao, hurudi sifuri kamwe."

Sasa fikirieni mtu mwenye magoti.

Haya ya nje niliyajua baadaye. Mafundi cherehani wananiambia mwanzoni watu walinung'unika, wa leo ana maneno magumu, lakini nilipofika kwenye mafuta soko likatulia. Wanasema mama mmoja alisema, "Huyu amesoma, wale wengine wanapiga kelele tu." Wakaanza kusogea. Na sauti za jopo nazo zilikuwa zinapita kwenye amplifaya hiyo hiyo mpaka juu, kwa hiyo kila nilipomaliza jambo na Profesa akasema "Enhee, endelea," watu waliona dawa hii ina mpaka daktari wa kuithibitisha.

Nikamaliza. Profesa akavua miwani.

"Mwalimu, hesabu tumeziona. Zina shida sura ya tatu, lakini shida za hesabu zinatibika. Swali langu ni jingine. Miezi saba ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeandaa majibu matatu: malaria, mtandao, na mitihani ya kidato cha nne. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikafungua mdomo nitoe la malaria, nikaona uso wake unasubiri, unasubiri kweli, na nikakumbuka kwamba sijui mara ya mwisho ilikuwa lini mtu kuniuliza swali halafu akanyamaza kusubiri nijibu.

"Profesa, sikuwa naumwa," nikasema. "Niliona hilo kosa la sura ya tatu. Alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Dogo tu. Lakini sikuwa na mtu wa kumwonyesha, nikakaa nalo, likakua, mpaka nikaogopa kufungua faili lenyewe. Hapa nilipo sina mtu wa kuzungumza naye. Watu wapo. Nawasikia, nawaitikia. Kila jioni nakula kwa mama yangu, na kila jioni naondoka sijasema kitu. Nakaa pale kama mgeni, nasubiri nishibe niondoke. Nimechoka, Profesa. Wakati mwingine nahisi huko kabla ya kila kitu ninakokupigia hesabu ndiko ninakoishi."

Msimamizi wangu alikuwa anatazama meza. Nikatoa leso nikajifuta, nikashukuru Mungu kwamba angalau nimelia mbele ya watu watatu tu.

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa kabla sijajibu. Akaingia mama mtu mzima, kitenge cha kijani, fimbo mkononi. Nikavua hedifoni upande mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Pole kwa upweke."

Akili yangu ilikuwa inatafuta amejuaje, na haikuwa inapata. Yeye akasogea karibu, akapunguza sauti kama mtu aliye kwa mganga.

"Hayo mafuta, yanapakwa au yananywewa? Mimi ni magoti, yote mawili."

Nyuma yake kukawa na kichwa cha pili, cha tatu, cha saba. Mtu mmoja wa toroli akanyoosha shingo juu ya wote, akauliza kwa ukali wa mteja aliyewahi kuibiwa, "Na kabla hujayamimina yalikuwa kwenye dumu gani?" (Kwetu hilo ndilo swali la kwanza la mnunuzi yeyote wa mawese, maana madumu mengine yalibeba dizeli, na mboga yako nzima inanuka injini. Hununui mafuta kabla hujajua yametoka wapi.)

Sikioni Profesa akasema, "Nani huyo?"

"Ni... ni mteja, Profesa."

"Swali lake ni zuri. Mimi nilitaka kuliuliza hilo hilo kwa maneno marefu zaidi. Mjibu."

Na mimi, kwa mazoea ya mwanafunzi, kwa suti yangu na macho mekundu, nikamgeukia mtu wa toroli nikamjibu. "Hayakuwa kwenye dumu. Hayajawahi kumiminwa. Yapo vivyo hivyo tangu na tangu."

"Basi sinunui," akasema.

Kicheko kikapasuka. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba nakisikia mara mbili, mara moja mlangoni na mara ya pili kutoka juu, kutoka angani, kikubwa, cha soko zima. Mlango ulikuwa wazi sasa. Nikavua hedifoni kabisa. Nikasogeza mdomo kwenye maiki taratibu, nikasema, "Haloo?"

Paa likasema, "HALOO?"

Na soko la Mwanga, kwa pamoja, wauza nyanya, mafundi cherehani, wachukuzi, wote, wakaitikia, "Haloo, Mwalimu!"

Nikaruka kwenye swichi. Mguu ukanasa kwenye waya, waya ukavuta amplifaya, amplifaya ikapiga mluzi uliowafanya watu wote washike masikio, na mimi nikashika godoro nisianguke, godoro likabanduka ukutani likanifunika, mimi na yule mama wa magoti na fimbo yake. Ndani ya godoro, gizani, nikamsikia akiniambia kwa upole kabisa, "Taratibu, mwana wanje. Magoti."

Nilipotoka nje sikuwa na pa kuweka macho. Vicheko sivisimulii, mnavijua. Kijana mmoja wa mitumba akaita, "Mwalimu, njoo ukae hapa uongee na mimi!" Mwingine akasema, "Mwacheni, anaishi mbali huyo, kabla ya kila kitu!" Na nitasema kweli, wapo ambao hawakucheka, walinitazama tu, halafu wakayahamisha macho upesi, na hao ndio walioniumiza zaidi. Nikawa natafuta kitu kimoja tu. Nikahesabu meza kutoka kona ya mafundi cherehani. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu ilikuwa imefunikwa turubai, madumu yamepangwa chini yake, na ilikuwa haijafika saa tano.

"Ameondoka," jirani yake wa meza akaniambia. Hakuwa anacheka. "Uliposema ile ya mgeni."

Kutoka Mwanga mpaka Ujiji nilikwenda kwa miguu. Jua linawaka, suti imeloa jasho, watu wananisalimia nami nanyanyua mkono tu. Jopo nilikuwa nimeliacha hewani, laptopu iko chini ya godoro, miaka minne imekwisha, na naapa hayo yote wakati huo niliyaona madogo. Nilikuwa natafuta neno la kumwambia mama na kila nililolipata lilikuwa na uongo ndani yake.

Nilimkuta uani anatwanga sombe, kwa nguvu kuliko sombe inavyohitaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaweka mchi chini. "Karibu, mgeni."

Akaingia ndani. Akatoka na kile kiti kizuri chenye kitambaa, ambacho hata mimi sikumbuki kama nimewahi kukikalia, akakiweka sebuleni. Akaleta maji ya kunywa kwenye trei, glasi imefunikwa kisahani. Akaniuliza habari za nitokako. Akaniuliza kama wa nyumbani kwangu hawajambo. Akakaa mbele yangu, mikono magotini, kama mtu anavyokaa na mtu ambaye hamjui sana na anataka aondoke na sifa njema za nyumba. Nilitamani anipige.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Hukunitukana. Umesema lililoko. Miaka minne nakuona unakuja na kichwa chako kimejaa, unaondoka nacho kimejaa. Nikasema, nisimuulize, nitamtia aibu, atalazimika kunieleza nisiyoyajua. Nikakaa kimya kwa heshima. Kumbe na wewe ulikaa kimya kwa kuniona mjinga."

"Ndiyo," nikasema, maana siku hiyo nilikuwa nimeshasema kweli nyingi mno, moja zaidi haikuwa kitu. Nikalia, kwenye kiti chenye kitambaa, mtu mzima na ndevu zangu. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Ni kweli sitaelewa," akasema baadaye. "Lakini mawese nayajua, na ulichosema kwenye honi si kweli. Umesema mawese yanajivuta. Yakiwa moto? Yakiwa moto yanakimbia kama maji. Yakipoa ndiyo yanashika. Umewadanganya watu, tena sokoni kwangu."

Nikamtazama. Nikamwambia, mama, hivyo ndivyo ilivyo, mnato haubaki vilevile, unabadilika hali ikibadilika, na hapo ndipo hesabu zenyewe zinapokuwa ngumu, na tena mnato ninaouandika mimi ni wa kitu kinachotanuka, ule wa kumimina niliuchukua tu kurahisisha. "Sasa kwa nini hukusema hivyo?" akauliza. Nikasema nilidhani hawataelewa. Akanyanyuka kwenda kuendelea na sombe yake, na safari hii nilimfuata uani nikakaa kwenye kigoda.

Jopo lilijibu baada ya siku nne. Jina langu halikufutwa. Wamenipa miezi sita nirekebishe sura ya tatu, na niongeze sehemu inayojibu, kwa maandishi na kwa milinganyo, swali lililoulizwa na "mjumbe wa nje". Mtu wa toroli nilipomwambia hakuamini, sasa anajitambulisha kwa watu kwamba yumo kwenye jopo la chuo kikuu. Mama wa magoti hunisimamisha kila akiniona, huniuliza kama leo nimeongea na mtu, na hasubiri jibu, huanza kunieleza magoti. Vijana wa mitumba bado wananiitia haloo. Nimezoea. Mtu akishakusikia ukilia kwenye honi hakuna tena cha kumficha, na hilo nalo lina nafuu yake.

Nimeapa mawili. Swichi ya mtu siigusi tena bila kuuliza, hata iwe ya taa ya chooni. Na simwamulii tena mtu kwamba hataelewa kabla sijamwambia. La kwanza ni jepesi.

Upweke haukuisha, nisiwadanganye. Sura ya tatu bado naikalia peke yangu, na saa nyingine nashuka Kibirizi na midomo inacheza kama zamani. Ila jioni mama siku hizi ananiuliza, "Umefika wapi leo?" nami namweleza, na mara nyingi katikati ya maelezo anasinzia, mkono shavuni, na mimi namalizia kwa sauti ya chini hivyo hivyo. Juzi hakusinzia. Alisikiliza mpaka mwisho jinsi unavyorudi nyuma na hufiki, unarudi na hufiki, halafu akauliza:

"Na huko nyuma kabisa unakokwenda, kuna watu?"

"Hakuna, mama. Hata nyota hakuna."

Akanisogezea sahani. "Basi usiwe unakawia huko."